Hesabu ya Wanyama wa Porini na Daftari la Karani

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nachingwea)



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa desturi huachiwa wawindaji, mabwana nyama na wataalamu wa Serikali, nalo ni utafiti wa wanyama wa porini na hesabu zao. Huenda wako kati yenu wanaojiuliza, "Karani na simba, wapi na wapi? Kazi yetu ni karatasi, wino na muhuri." Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu. Twasema kwamba hesabu ya wanyama, na hasa hesabu ya madhara yao, huanza katika daftari la kijiji, mkononi mwa mtumishi mdogo asiyejulikana. Daftari hilo likiwa na pengo, kila hesabu iliyojengwa juu yake itakuwa na pengo lilo hilo.

Kwanza tuitazame nchi yetu. Nachingwea na Ruangwa zilikuwa wilaya moja hata Ruangwa ilipotengwa katika miaka ya 1990. Kaskazini liko bonde la mto Mbwemkuru. Magharibi iko Liwale, na nyuma ya Liwale ndiyo pori kubwa la Selous. Kusini ziko Masasi na Nanyumbu, na mwisho wake ni mto Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Tembo hawana habari ya mipaka hiyo. Hutoka Selous, wakapita Liwale na Nachingwea, wakashuka mpaka mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule, hata Ruvuma na hifadhi ya Niassa. Wataalamu huiita njia hiyo ushoroba; wazee wetu huiita njia ya tembo. Kwa jina lolote, inapita karibu na mashamba ya watu, na kwa sababu hiyo habari yake ni habari yetu.

Sheria za uwindaji katika nchi hii si za jana. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri juu ya uwindaji na kutenga mapori ya kwanza. Sehemu ya pori la kusini watu waliita Shamba la Bibi, kwa kuwa hadithi husema Kaiser alimpa mkewe. Ilipofika mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Matumbi vikaenea mpaka Liwale na nchi zetu hizi. Vita vile na njaa iliyovifuata viliacha vijiji vingi vitupu. Mahali palipokuwa na mtama pakaota kichaka, na penye kichaka wakaingia tembo. Mwaka 1922 Waingereza walilipa pori jina la Frederick Selous, mwindaji na askari aliyeuawa vitani karibu na Beho Beho mwezi wa Januari 1917.

Mwaka 1933 alianza kazi katika Idara ya Nyama Bwana C. J. P. Ionides, ambaye wengi walimjua kwa jina la Bwana Nyoka. Makao yake kwa miaka mingi yalikuwa Liwale. Kazi aliyopewa ilikuwa na pande mbili ambazo si rahisi kupatana: kulinda wanyama ndani ya pori, na kulinda mashamba ya watu nje ya pori kwa kuwapiga tembo walioyavamia. Katika miaka ya 1940 watu wengi wa Liwale walihamishwa makwao. Sababu iliyotangazwa ilikuwa ugonjwa wa malale, na nchi waliyoiacha iliongeza ukubwa wa pori la Selous. Hivyo mpaka kati ya shamba na pori ulichorwa upya, na waliouchora hawakuwa wenye mashamba.

Ndugu, tujiulize hapa: katika siku zile kilihesabiwa nini? Pembe ya tembo ilipimwa kwa ratili na kuandikwa kwa uangalifu mkubwa, maana tembo waliopigwa kwa kulinda mashamba pembe zao zilikuwa mali ya Serikali. Lakini mtama ulioliwa usiku mmoja haukuwa na mizani yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba msiba bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Nachingwea yenyewe inayo ukumbusho mwingine wa hesabu iliyofanywa haraka. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma tume chini ya Bwana John Wakefield kuangalia ardhi ifaayo kwa karanga. Tume ilifanya kazi yake kwa muda wa wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya nchi iliangaliwa toka angani. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Mwezi wa Januari 1951 mpango ule ukaachwa, na hasara yake ilipita pauni milioni 36. Waliokuja walikuwa na trakta, fedha na wasomi. Walichokikosa ni muda wa kukaa na wenyeji na kujua tabia ya mvua na udongo mwaka baada ya mwaka. Twaitaja habari hii kwa kuwa inafundisha jambo moja juu ya kila utafiti: jicho la angani huona mbali, walakini haliulizi.

Sasa tueleze jinsi tembo wanavyohesabiwa, maana wengi husikia tarakimu redioni bila kujua zilivyopatikana. Eropleni ndogo huruka chini chini wakati wa kiangazi, miti ya miombo inapokuwa imepukutisha majani. Hufuata mistari iliyonyooka, ikiachana kwa umbali uliopimwa. Chini ya kila bawa vimefungwa vijiti viwili. Mtazamaji huhesabu wanyama waonekanao kati ya vijiti hivyo tu. Mwingine huandika. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha. Mwishoni hujulikana ni sehemu gani ya nchi iliyotazamwa, na hesabu hukuzwa kwa kadiri hiyo. Kwa mfano, ikiwa nchi iliyotazamwa ni sehemu moja katika kumi, na tembo walioonekana ni 100, husemwa kwamba nchi nzima ina tembo wapatao 1,000. Neno "wapatao" lina uzito wake, kwa kuwa hesabu ya namna hii daima ina nafasi ya kuzidi au kupungua. Mizoga nayo huhesabiwa, ili ijulikane wangapi wamekufa kwa wangapi walio hai.

Kwa njia hiyo yalijulikana mambo ya kusikitisha. Mwaka 1976 tembo wa Selous na nchi za kando yake walikadiriwa kuwa 109,000 hivi. Mwaka 1986 walikuwa kama 55,000. Mwaka 1989 walibaki kama 30,000, na mwaka huo huo Serikali ikaanzisha Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe. Baada ya hapo tembo waliongezeka tena, kisha majangili wakarudi, na hesabu ya mwaka 2013 ikaonyesha tembo wapatao 13,000 tu. Mwaka 2014 pori la Selous likaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 2019 sehemu kubwa yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hesabu ya angani ndiyo iliyopiga kelele hapo, na haki yake lazima tuitoe. Pasipo hesabu ile, wangeisha kimya kimya.

Walakini eropleni haiwezi kila kitu. Haimhesabu simba, alalaye kivulini mchana. Haimhesabu nguruwe mwitu, atembeaye usiku. Wala haimwoni mama aliyekwenda kisimani jioni asirudi. Kwa mambo haya watafiti hawana budi kushuka chini, na wakishuka chini hukutana na sisi.

Mwezi wa Agosti 2005 jarida la kisayansi liitwalo Nature lilichapa utafiti wa Bwana Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota pamoja na wenzake, na kati yao walikuwamo Watanzania, Bwana Dennis Ikanda na Bwana Bernard Kissui. Walionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 katika Tanzania na kujeruhi wengine zaidi ya 300. Wilaya za kusini mashariki ndizo zilizoumia zaidi, hasa Rufiji, na Lindi, jirani zetu wa mashariki. Katika Rufiji simba walikula watu wapatao 35 kati ya mwaka 2002 na 2004, hata simba mmoja aliyedhaniwa kuwa ndiye mkosaji mkubwa akapigwa mwezi wa Aprili 2004.

Kitu gani kiliwaleta simba kwa watu? Watafiti walilinganisha wilaya na wilaya, wakaona kwamba mahali penye mashambulizi mengi ndipo palipopungukiwa na wanyama wa kawaida wa simba, kama pundamilia na kongoni, huku nguruwe mwitu wakiwa tele. Waliona tena kwamba mashambulizi yalizidi tangu mwezi wa Machi mpaka Mei, wakati wa mavuno. Hapo mnyororo ukaonekana wazi. Mazao yakikomaa, nguruwe huja shambani. Nyama yake wengi wetu hatuli, basi hakuna amfuataye kwa hamu isipokuwa simba. Mkulima naye hulala katika dungu, au katika kibanda cha nyasi, akilinda chakula cha mwaka mzima. Simba amfuataye nguruwe humkuta mtu. Katika hayo si uchawi uliotumwa na jirani, kama ambavyo tumesikia ikinong'onwa misibani, na kama ambavyo watu wasio na hatia wamewahi kusingiziwa. Ni nguruwe, mahindi na usiku.

Utafiti uliofuata ulikwenda mbele zaidi. Mwaka 2011 Bwana Packer na wenzake walitoa matokeo ya kuchungua mashambulizi zaidi ya 1,000 ya kati ya mwaka 1988 na 2009. Walitaka kujua simba hushambulia siku gani za mwezi na saa gani za usiku. Wakaona kwamba hatari huwa kubwa mara baada ya mwezi mpevu. Sababu yake ni hii: katika usiku wa mwezi mpevu simba hawapati windo kwa urahisi, kwa kuwa wanaonekana, nao hushinda na njaa. Baada ya hapo mwezi huchelewa kutoka, na saa za kwanza za usiku huwa giza tupu, wakati watu bado wako nje, wakitoka shambani, wakichota maji, wakienda chooni, wakitembeleana. Sisi tunaohesabu miezi kwa kuandama kwake twaweza kulishika jambo hili kwa wepesi: tangu usiku wa 16 mpaka kama 25 ya mwezi, mtu aingie ndani mapema, na watoto wasitumwe baada ya magharibi.

Ndugu makarani, tafadhalini mtie jambo hili akilini. Elimu hiyo, ambayo yaweza kumwokoa mtoto wa Mandawa au wa Kilimarondo, isingepatikana kama hakuna mtu aliyekumbuka tarehe na saa. Watafiti waliwauliza majeruhi, ndugu za waliokufa, na watumishi wa vijiji na wilaya. Palipoandikwa "Ameuawa na simba mwezi wa Aprili," maandishi hayo hayakuweza kusaidia neno lolote juu ya mwezi na giza. Palipojulikana siku, saa na mahali, kila tukio lilikuwa jiwe moja la kujengea nyumba.

Kadhalika katika uwindaji wenye leseni. Simba hahesabiki kwa eropleni, basi ni vigumu kusema wapigwe wangapi katika kitalu. Utafiti uliochapwa mwaka 2004 ulionyesha njia nyingine: ikiwa madume wapigwao ni wazee tu, jamii ya simba haitaharibika, kwa sababu dume kijana akiuawa mapema, madume wageni huja na kuwaua watoto wake. Kwa hiyo mwaka 2010 Tanzania iliweka katika kanuni zake umri wa miaka 6 kuwa kiasi kwa dume wa kuwindwa. Meno, ngozi na picha hukaguliwa. Lakini ukaguzi ule wote huishia katika fomu, na fomu hupita katika mikono ya karani. Karani akikubali kuandika sita mahali pa nne kwa kupewa kitu kidogo, amewaua watoto wa simba bila kushika bunduki.

Tena liko jambo la fedha za wanyonge. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa ndugu za mtu aliyeuawa na mnyama mkali, na kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, kwa kadiri ya ekari na kwa umbali wa shamba toka mpaka wa hifadhi. Hatusemi kwamba shilingi zaweza kulipa roho. Jina lenyewe lasema: ni kufuta machozi tu. Lakini mjane wa kijiji cha porini hawezi kuzipata hizo chache isipokuwa taarifa imeandikwa kwa wakati, ekari zimepimwa, na karatasi zimefika wilayani. Tumewaona watu waliofuata haki zao misimu miwili, wakaambiwa kwamba barua ya kwanza haionekani. Hatutaji ofisi, wala hatukuja hapa kushitaki. Twasema tu kwamba barua haijipotezi yenyewe.

Kwa hayo yote, tunapendekeza mbele ya chama kwamba kila mwanachama aliye katika ofisi ya kijiji, kata au wilaya aweke daftari moja la wanyama, na kwa kila tukio aandike mambo sita: siku ya tukio, na siku ya mwezi mwandamo, saa, kwa kadiri ijulikanavyo, mahali, kwa jina la kitongoji na mto au kilima kilicho karibu, mtu aliyepatwa, umri wake na kazi aliyokuwa akifanya, mnyama, na kama alionekana kwa macho au kwa nyayo, na mwisho, nini kilichofanywa baadaye na nani. Mambo sita haya hayajazi hata nusu ya ukurasa.

Twajua majibu yatakayotolewa. Wako watakaosema kazi ni nyingi na karatasi ni chache. Ni kweli. Lakini kuandika upya taarifa iliyopotea ni kazi kubwa zaidi kuliko kuiandika mara moja vizuri. Wako watakaosema watu huficha habari, wakiogopa kwamba wakitaja tembo aliyeingia shambani wataulizwa habari ya mitego na bunduki. Hilo nalo ni kweli, na dawa yake ni moja: karani asiwe mpelelezi. Mtu aletaye msiba wake mezani apewe kiti, asikilizwe, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Akitoka pale akiwa ameheshimiwa, jirani yake naye atakuja kesho.

Jambo la mwisho ni ombi letu kwa watafiti na kwa wenye mamlaka juu yao. Wao huja kwetu na maswali, wakaondoka na majibu, na mara nyingi majibu hayo huchapwa kwa lugha ya kigeni katika vitabu visivyofika Ruangwa. Mwenye kijiji aliyesimulia kifo cha mwanawe hajui kwamba simulizi lake liliwafundisha wasomi habari ya mwezi na giza. Hii si haki. Twaomba kila utafiti ufanywao katika wilaya zetu urudishe matokeo yake kwa Kiswahili, japo ukurasa mmoja, ubandikwe katika ofisi ya kijiji na kusomwa mkutanoni. Mahali hapo pa kubandika, na sauti ya kusoma, chama chetu chaweza kutoa bila gharama.

Mabwana na mabibi, tembo watapita tena msimu huu katika njia yao ya zamani, na nguruwe watakuja mahindi yakikomaa. Hatuna uwezo wa kuwakataza. Uwezo tulio nao ni wa kuandika kweli, kwa wakati, na kwa mwandiko unaosomeka. Twaomba pendekezo hili lijadiliwe na kupigiwa kura kabla ya mkutano kufungwa, ili madaftari yawe tayari kabla ya mwezi wa Machi.